Kiu ya Rubani wa Glaida

Tumbusi anapozunguka juu ya mbuga kwa muda mrefu bila kupiga bawa, hafanyi muujiza. Amejiweka ndani ya safu ya hewa iliyopashwa moto na ardhi, na hewa hiyo hupanda kwa kasi kuliko yeye anavyoshuka. Glaida, yaani ndege ndogo isiyo na injini, hutumia hila iyo hiyo. Huvutwa kwa winchi au kwa ndege nyingine yenye injini, kamba huachiwa angani, na tangu hapo rubani hana nguvu yoyote ila hewa inayopanda na akili yake mwenyewe. Ufanano huo uliwahi kuchunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki: mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanabiolojia wa Uingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata tumbusi wa Serengeti na ndege wengine wakubwa akiwa ndani ya glaida yenye injini ndogo ya kujisaidia, akaandika jinsi wanavyopanda na kuteleza kutoka safu moja ya hewa hadi nyingine.

Mwili ndio unaowatenga rubani na tumbusi. Tarehe 29 Novemba 1973 tumbusi wa aina ya Rüppell, ambaye pia hukaa Serengeti, aligongana na ndege juu ya Abidjan katika kimo cha takriban mita 11,300. Himoglobini yake hushika oksijeni hata hewa inapokuwa nyembamba mno, na taka za figo zake hutoka kama ujiuji mweupe mzito, bila kupoteza maji mengi na bila haya. Binadamu hana himoglobini ya namna hiyo, na mkojo wake kwa sehemu kubwa ni maji. Katika mambo hayo mawili ndimo zilimo nyingi za hatari za kiafya zinazomkabili rubani wa glaida. La pili, ambalo watu hulionea aibu, ndilo linalostahili kusemwa kwanza.

Mchezo huu ulikomaa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliibana nchi hiyo katika mambo ya ndege zenye injini, na vijana wake wakaugeukia mlima Wasserkuppe, wenye urefu wa mita 950, kujifunza kuruka bila injini. Hadi leo Ujerumani ndiyo yenye marubani wengi zaidi wa glaida duniani. Ulaya inapoingia katika baridi, baadhi yao huzifungasha ndege zao katika makontena na kuzipeleka Namibia, ambako Desemba ni majira ya joto kali. Kituo kinachojulikana sana huko ni Bitterwasser, uwanda mkavu ulio tambarare kama meza ukingoni mwa Kalahari, ambako rubani anayetimiza kwa mara ya kwanza safari ya kilomita 1,000 hupanda mnazi wake wa kumbukumbu, au tuseme mtende, kwa kuwa mnazi haungestahimili ukame ule. Kenya nako mchezo huu umechezwa, Mweiga karibu na Nyeri, kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare.

Mchukulie rubani wa kawaida katika kituo kama hicho cha Namibia. Ni mstaafu mwenye miaka zaidi ya sitini, kwa sababu mchezo huu wataka muda na fedha, na wenye vyote viwili aghalabu wameshaota mvi. Asubuhi hunywa kahawa, hukagua ndege yake, kisha huijaza maji. Ndiyo, maji: mbawa za glaida ya mashindano huweza kubeba lita 150 au zaidi, ili uzito huo uiwezeshe kwenda kasi kati ya safu moja ya hewa na nyingine. Baadaye hujilaza nusu chali katika kiti chembamba kama mtumbwi, hufungwa mikanda, hufunikwa kwa kifuniko cha plastiki angavu, na husubiri zamu yake ya kuvutwa huku joto la nje likiwa nyuzi 36 na la ndani likizidi hapo. Atakuwa angani kwa saa saba au nane. Ndege yake imebeba maji ya kuogesha kaya nzima, naye mwenyewe tangu ile kahawa hajanywa kitu, kwa makusudi, ili asibanwe na mkojo.

Hesabu yake si ya kijinga. Figo za mtu mwenye afya anayekunywa vya kutosha hutoa takriban mililita 60 hadi 80 za mkojo kwa saa. Kwa saa nane hiyo ni nusu lita na ushei, na kibofu cha mtu mzima huanza kudai haki yake kikifika mililita 300 au 400. Kwa mwanamume ambaye tezi dume imeanza kukua, madai huanza mapema zaidi. Kibofu kilichojaa huuma, huondoa utulivu na humfanya mtu aharakishe uamuzi. Kwa hiyo rubani hukausha chanzo.

Tatizo ni kwamba chanzo hicho ndicho kinachoulisha ubongo. Hewa ya juu ya jangwa ni kavu. Jasho hukauka kabla halijaonekana, na kila pumzi hutoka na unyevu wake. Rubani mwenye kilo 80 akipoteza kilo 1.6 za maji, amepoteza asilimia 2 ya uzito wake, na kiwango hicho chatosha kupunguza umakini na kumbukumbu ya muda mfupi na kuleta maumivu ya kichwa. Kiu haimwonyi ipasavyo, kwa sababu hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosonga. Tena upungufu huo hufikia kilele chake mwisho wa siku, wakati wa kutua. Ndege yenye injini ikikosea inapokaribia uwanja, rubani huongeza nguvu na kuzunguka tena. Glaida haina nafasi ya pili. Kila kutua kwake ni kwa mara moja tu, na aghalabu hufanywa na mtu aliyechoka, mwenye njaa, aliyekaa tangu asubuhi bila maji.

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza anaujua uamuzi wa rubani huyu. Abiria asiye na hakika ni wapi gari litasimama ili watu wachimbe dawa hujizuia kunywa tangu usiku wa kuamkia safari, hususan akiwa mwanamke. Hufanya hivyo pia dereva wa lori, muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake wodini, na mwalimu wa kike ambaye choo cha shule yake hakina mlango. Kinachowaunganisha hao wote na tajiri aliye juu ya Kalahari ni kwamba hakuna anayemweleza daktari. Mkojo si habari ya kupeleka kliniki mpaka uwe na damu au uchungu.

Hapo ndipo ukimya unapogeuka kuwa kosa la matibabu. Rubani wa umri huo mara nyingi ana shinikizo la juu la damu, na huenda dawa yake ni haidroklorothiazaidi, kidonge cha bei nafuu kinachoshusha shinikizo pamoja na kuongeza mkojo. Siku ya kuruka hakimezi. Wiki ikiwa na siku tano za hali nzuri ya hewa, dawa ya siku saba humezwa siku mbili. Akirudi kwa daktari, shinikizo liko juu, na daktari asiyejua kisa huongeza dozi au huandika dawa ya pili. Sasa mgonjwa ana dawa nyingi zaidi za kuruka, na siku atakapozimeza zote pamoja, baada ya kulala na kiu, atasimama na kizunguzungu.

Wahudumu wa afya wa Tanzania na Kenya wameliona jambo hili mara nyingi bila glaida yoyote kuwapo. Muuza samaki anayekaa sokoni kutwa hakimezi kidonge cha kukojosha siku ya soko. Swali la kawaida, "Unameza dawa zako?", huzaa jibu la kawaida, "Ndiyo, daktari." Swali lenye manufaa ni jingine: "Ni siku zipi humezi, na siku hizo unafanya kazi gani?" Zipo dawa za shinikizo zisizoongeza mkojo, kama vile amlodipini na losatani, na kwa wagonjwa wengi kubadilisha dawa, au kuhamisha tu saa ya kuimeza, huondoa sababu yote ya kuficha. Anayetumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume naye aonywe kwamba dawa hiyo huweza kushusha shinikizo la damu ghafla anaposimama.

Lipo jingine katika fungu hili ambalo lafaa kutajwa katika kila duka la dawa. Maumivu ya kichwa na mgongo baada ya siku ndefu humpeleka mtu kwenye diklofenaki au ibuprofeni. Figo iliyopungukiwa maji, iliyo chini ya dawa ya kukojosha pamoja na dawa za kundi la losatani au enalaprili, ikiongezewa diklofenaki, huweza kushindwa kazi ndani ya siku chache. (Diklofenaki ndiyo dawa ile ile iliyowaangamiza tumbusi wa Asia Kusini kwa kuua figo zao, walipokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. Katika hilo, tumbusi ni dhaifu kuliko binadamu.) Mwenye kiu atibiwe kwanza kwa maji, parasetamoli yatosha kwa kichwa.

Suluhisho la rubani lenyewe ni la wazi kuliko heshima yake. Wanaume wengi waliokubali kulizungumza huvaa mpira wa nje unaokaa kama kondomu, uliounganishwa na mrija unaotoa mkojo nje ya ndege au kuuingiza katika mfuko. Wengine hutumia mifuko yenye chembechembe zinazogeuza mkojo kuwa uji mzito usiomwagika. Wanawake hutumia nepi za watu wazima, au vifaa vya kubandika ambavyo si kila mmoja huviona vya starehe, na baadhi yao huamua tu kufupisha safari. Mafundi wa karakana hulalamika kwamba mrija uliofungwa vibaya hutiririsha mkojo kwenye vyuma na kuvitia kutu. Ni lalamiko la haki, lakini chuma hubadilishwa. Mpira wa nje na mfuko wake vinafahamika wodini. Muuguzi anayeweza kumfundisha mzee aliyepooza kuuvaa bila kuchubuka anaweza kumfundisha rubani, na hata dereva wa lori. Mambo ya kuangalia ni yale yale: saizi sahihi, ngozi kavu, na kutoukaza hata damu ikazuiwa.

Hatari ya pili ni ile aliyoepushwa tumbusi. Katika hali nzuri ya Namibia glaida hupanda hadi mita 4,500 na kuzidi, na chumba chake hakiongezewi shinikizo kama cha ndege ya abiria. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni asilimia 21 pwani na kileleni, lakini mgandamizo wa hewa yote hupungua. Kwenye mita 5,500, chini kidogo ya kilele cha Uhuru, umebaki nusu ya ule wa pwani. Mpanda Kilimanjaro hupewa siku kadhaa za kuzoea. Rubani hupanda kimo kama hicho kwa dakika, mara kadhaa kwa siku.

Ubaya wa upungufu wa oksijeni ni kwamba haumtishi anayeupata. Hauumi wala haukabi koo. Aghalabu huanza kwa furaha kidogo, kwa kujiamini, na kwa kuona kwamba hesabu ya umbali uliobaki ni rahisi. Sheria ya Marekani humtaka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya mita 3,810, na muda wote akiwa juu ya mita 4,267. Mzee, mvutaji wa sigara, mwenye upungufu wa damu na mwenye ugonjwa wa mapafu hawana budi kuanza chini zaidi ya hapo. Vifaa vya kisasa hutoa oksijeni kwa kila pumzi kupitia kijirija cha puani, na oksimita ya kidole huonyesha kiwango kilichomo katika damu. Hata hivyo oksimita ina kasoro zake: kidole kikiwa cha baridi huisoma vibaya, na kwa watu wenye ngozi nyeusi huelekea kuonyesha namba iliyo juu kuliko ukweli. Wauguzi wanaotumia kifaa hicho hicho kwa watoto wenye nimonia walikumbuke hilo.

Kwa wasomaji wa ukanda huu kuna onyo mahususi. Mtu aliyerithi kijeni kimoja cha selimundu, asiyeumwa chochote akiwa pwani, huweza kupata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu akiwa katika vimo virefu, kwa sababu sehemu ya wengu imekosa damu na kufa. Hayo yamewapata wasafiri wa milimani. Mwenye ugonjwa kamili wa selimundu asiruke katika ndege isiyoongezewa shinikizo kwenda vimo hivyo.

Kuhusu mgongo, maneno machache yatatosha. Glaida ikigonga chini kwa nguvu, rubani aliyekaa karibu kabisa na ardhi hupokea kishindo moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na pingili inayovunjika mara nyingi ni ya mwisho ya kifua au ya kwanza ya kiuno. Ni jeraha lile lile la kijana aliyeanguka kutoka mnazini akafikia matako au visigino. Mgonjwa huweza kutembea na kusema ni maumivu kidogo tu. Asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya picha. Mto laini wa kukalia haumlindi, bali huzidisha kishindo kwa kubonyea kisha kugota. Lipo povu maalumu linalobonyea polepole, na ndilo linalofaa.

Jua nalo hudai chake. Miali ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za kimo. Kifuniko cha plastiki huzuia sehemu kubwa ya miali inayounguza ngozi, lakini sehemu ya ile inayopenya ndani zaidi hupita, na saa nyingi za kusubiri uwanjani hazina kifuniko. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari kwamba matumizi ya muda mrefu ya haidroklorothiazaidi, ile ile iliyotajwa juu, yanahusishwa na ongezeko la aina fulani za saratani ya ngozi. Hivyo rubani mweupe mwenye mvi ana sababu ya pili ya kuzungumza na daktari wake kuhusu kidonge hicho. Kofia iwe ndogo, isiyo na ukingo mpana, kwa sababu katika safu moja ya hewa huzunguka ndege kadhaa na rubani lazima awaone walio juu yake. Watu wenye ualbino wanaohudumiwa katika kliniki zetu wanazijua kanuni za jua kuliko rubani yeyote. Tofauti ni kwamba wao hawakuchagua.

Mwenye mafua asiruke. Mrija unaounganisha sikio la kati na koo ukivimba, hewa hushindwa kurudi ndani wakati wa kushuka, na maumivu huweza kumpofusha mtu kwa kila kitu kingine. Ngoma ya sikio huweza hata kupasuka. Kumeza klorofenilamini, inayojulikana zaidi kwa jina la piriton, ili kuyakausha mafua hayo ni kubadilisha sikio kwa usingizi. Na kwa madaktari wanaowaandikia wageni dawa za kuzuia malaria: meflokwini haifai kwa rubani yeyote, kwa sababu ya kizunguzungu na athari zake katika akili.

Yote haya humrudisha rubani mbele ya daktari, na hapo taratibu za nchi hutofautiana. Ulaya humtaka awe na cheti cha afya, ambacho kwa leseni nyepesi hudumu miaka mitano kwa walio chini ya miaka 40 na miaka miwili kwa waliozidi. Marekani haimtaki rubani wa glaida cheti chochote. Humwachia wajibu wa kujipima mwenyewe na kutoruka akijua ana ugonjwa unaomfanya asiwe salama. Kila utaratibu una upungufu wake. Pale penye cheti, mgonjwa humwogopa daktari kama askari wa barabarani na huficha. Pale pasipo na cheti, hana mtu wa kumficha ila nafsi yake, ambayo hudanganyika kwa urahisi zaidi. Daktari anayeanza kwa kusema nia yake ni kumwezesha mtu aendelee kuruka, na siyo kumshusha, hupata majibu mengi kuliko anayeanza na fomu.

Miongoni mwa vipimo vyote, kilicho rahisi kuliko vingine kinahitaji mzani wa nyumbani tu. Rubani ajipime asubuhi kabla ya kuruka, akiwa na nguo nyepesi, na ajipime tena jioni baada ya kutua, kabla ya kunywa bia ya kusherehekea. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji aliyoyakosa. Ayaandike matokeo hayo kwa wiki mbili, pamoja na siku alizomeza dawa na siku alizoziacha, kisha aipeleke karatasi hiyo kliniki. Dereva wa basi la masafa marefu anaweza kufanya vivyo hivyo, na karatasi yake isomwe kwa makini yale yale.